Maneno Kabla ya Mieleka: Mwongozo wa Kutengeneza Mahojiano Yanayojaza Uwanja

Mara ya kwanza tulipoandaa mieleka hapa Amu, yaani Lamu, tulihangaika na kila kitu isipokuwa maneno. Ulingo tuliusimamisha kwa boriti za mikoko, magodoro tukaazima, mabango tukabandika mpaka jeti ya Mokowe. Siku ilipofika wakaja mama zetu, wadogo zetu na punda wawili. Mara ya pili wanamieleka walikuwa walewale na magodoro yaleyale, tena moja limezidi kutoboka. Tulichoongeza ni mahojiano manne mafupi ya kurekodiwa kwa simu, yakazunguka WhatsApp mwezi mzima. Jioni ile watu walikosa pa kukaa, wengine wakapanda ukutani.

Mieleka ya kulipwa, kwa asiyeijua, ni mchezo ambao matokeo yake hupangwa, ingawa maumivu mengi ni ya kweli. Basi mtazamaji anakuja kutafuta nini? Kubwagana peke yake anakuona bure ufukweni Shela kila alasiri. Anakuja kwa sababu kuna swali limemkaa moyoni na jibu lake liko ulingoni tu. Mahojiano yana kazi mbili: kulipanda swali hilo, kisha kulinyima jibu.

Na sisi si wageni wa kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Amu zilipokuwa zikiviziana mpaka vikapiganwa vita vya Shela, tungo zilikuwa zikivuka bahari: Muyaka bin Haji upande wa Mvita, Zahidi Mngumi upande wa Amu, huyu akitupa fumbo na yule akilifumbua na kulirudisha likiwa na miba. Mpaka leo, mama akitaka kumjibu jirani haendi kugombana. Huenda dukani kuchagua leso. Anayejua kusoma leso tayari anajua nusu ya kazi hii.

Sababu kwanza, kipaza sauti baadaye

Kabla hujagusa simu, jaza sentensi hii: fulani anamtaka fulani kwa sababu ya jambo fulani, na akishindwa atapoteza kitu fulani. Ikiwa pengo moja halijazi, bado huna pambano, una vijana wawili wenye misuli.

Yetu ilikuwa hivi. Tulikuwa na vijana wawili waliokuwa wakipigana kama jozi. Mmoja ni wa Matondoni, kwenye mafundi wa majahazi, jina lake la ulingoni Fundi. Mwenzake wa Shela, anavaa miwani myeusi hata usiku, jina lake Nahodha. Siku moja Fundi alielemewa, akatambaa mpaka kwenye kona, akanyoosha mkono ili mwenzake aingie badala yake. Nahodha akautazama ule mkono, akashuka ulingoni, akaenda zake. Sentensi ikawa: Fundi anamtaka Nahodha kwa sababu alimwacha na mkono umenyooshwa, na akishindwa atambebea mkoba mwaka mzima.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani kuwa mkanda wa ubingwa ni sababu tosha. Mkanda ni ngozi na chuma. Tazama pambano la wanamieleka Hulk Hogan na Andre the Giant, Marekani, mwaka 1987. Mkanda ulikuwepo, lakini kilichowauma watu ni kwamba wale wawili walikuwa marafiki. Kwenye mahojiano Andre akatokea na Bobby Heenan, meneja ambaye Hogan hakumpenda hata kidogo, akamtaka Hogan pambano, kisha akamchania fulana na kuukata mkufu wake wa msalaba. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa lolote. Tarehe 29 Machi uwanja wa Pontiac Silverdome, karibu na Detroit, ulifurika.

Panga wiki nne, na kila wiki ifungue mlango mmoja

Ukisema yote siku ya kwanza, wiki ya pili utabaki kupiga kelele tu. Sisi tuligawa hivi: wiki ya kwanza aliyedhulumiwa azungumze peke yake. Wiki ya pili mbaya ajibu. Wiki ya tatu wakutane, au jambo litendeke. Wiki ya nne sauti ishuke.

Wiki ya pili ndiyo ngumu kuliko zote. Mbaya asipokuwa na sababu yake atakuwa katuni. Mpe hoja iliyo nusu kweli, ili mtazamaji akienda kulala ajiulize, mbona kama na huyu ana haki? Juni 27, 2011, mwanamieleka wa Marekani CM Punk aliketi chini jukwaani akaanza kutaja malalamiko yake dhidi ya namna kampuni yake ilivyoendeshwa. Watu waliganda, kwa kuwa mengi aliyoyasema yalikuwa mambo waliyokwisha kuyanong'ona wenyewe. Pambano lake na John Cena lilikuwa kama wiki tatu baadaye, kando ya Chicago, mji wa kwao Punk, na aliyeitwa mbaya akapokewa kama bwana harusi.

Mhoji si nguzo ya kushikia maiki

Kwa maoni yangu mhoji mbovu anaua pambano kuliko mwanamieleka mbovu. Gene Okerlund, aliyefanya kazi hii miaka mingi Marekani, alikuwa mtu mfupi, suti safi, sauti tulivu, amesimama kati ya majitu yanayotoa povu. Utulivu wake ndio uliowafanya wale wengine waonekane hatari. Akishtuka yeye, nyumba nzima inashtuka.

Mchague mtu ambaye watu wanamwamini, si rafiki yako anayependa kamera. Sisi tulimchukua kijana anayetangaza mechi za mpira mtaani. Tukampa masharti machache. Kipaza sauti kisitoke mkononi mwake hata kikivutwa, maana anayekipokonya ni lazima awe anatenda jambo la kukumbukwa, na hilo likitokea kila wiki halina maana tena. Asishindane kwa vichekesho. Aulize lile ambalo bibi aliye nyumbani angeuliza, kwa maneno machache, kisha anyamaze. Na siku, mahali, saa na kiingilio avitaje yeye mwishoni. Mwanamieleka aliyekasirika halafu akageuka kutangaza bei ya tiketi, hasira yake imekwisha kuwa biashara.

Namna ya kuyapanga maneno

Huu hapa mfano wa kwanza tuliorekodi, tukaufuta:

Mhoji: Nahodha, una nini cha kuwaambia mashabiki?
Nahodha: Mimi ndimi mkali! Nitamvunja! Nitamsaga! Fundi si chochote!

Kwanza swali halina kichwa wala mguu. Pili, ikiwa Fundi si chochote, kumpiga nako si chochote, na ukipigwa naye ndiyo aibu zaidi. Anayemtukana mpinzani wake kuwa dhaifu anajipunguzia thamani kwa mkono wake mwenyewe. Tukakaa barazani, tukaagiza kahawa, tukarudia:

Mhoji: Nahodha, watu wote waliona. Fundi alinyoosha mkono, wewe ukashuka ukaenda zako. Kwa nini?
Nahodha (anavua miwani polepole): Umewahi kupanda chombo na Fundi, ndugu yangu?
Mhoji: La, sijapata.
Nahodha: Ana mikono yule, wallahi. Akikushika hutoki. Nimemwona akimnyanyua mtu wa kilo 100 kama mtungi mtupu. Lakini chombo kikiingia maji, mtu huangalia nani wa kuokoka na nani ameshazama. Nilimwangalia machoni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.
Mhoji: Kwa hiyo ukamwacha azame?
Nahodha: Nilikiokoa chombo.

Akavaa miwani, akaondoka. Sekunde 40 hivi. Amemsifu mpinzani, kwa hiyo pambano limepanda bei. Ana hoja, tena ya baharini, ambayo kila mtu wa kisiwa hiki anaielewa bila kutafsiriwa. Na ameacha tundu kubwa kwenye hoja yake. Tundu hilo tuliliacha kusudi. Maoni yakaanza kuja usiku uleule, vijana wa boti wakiandika hata kabla Fundi hajajibu: tangu lini nahodha akatoka chomboni wa kwanza?

Ukiweza kumfanya mtazamaji akimbilie jibu kabla ya stelingi wako, umeshinda. Fundi alipolisema wiki iliyofuata, halikuwa tena jibu lake peke yake.

Usimwandikie mwanamieleka hotuba ya kukariri. Macho yake yataanza kusoma ukuta. Mpe vigingi vinne tu: ulinifanyia nini, una nguvu gani, nitakufanyia nini, na mstari wa kutokea. Mstari wa kutokea ndio pekee wa kukariri neno kwa neno. Hayo mengine ayaseme anavyosema akiwa na hasira nyumbani kwao. Fundi alipojaribu Kiswahili cha taarifa ya habari alionekana kama anaomba kazi. Tukamwambia, sema Kiamu, lahaja ya kwetu. Akasema, "Yana ulinipita ndiani kama hunioni," na mimi niliyeshika simu nikasikia baridi mgongoni.

Tena sikiliza. Juni 23, 1996, mwanamieleka Steve Austin aliambiwa kuwa Jake Roberts, ambaye wangekutana fainali usiku uleule, ametumia maneno ya Biblia kwenye mahojiano yake. Alipomshinda akamjibu papo hapo kwa kugeuza jina lake mwenyewe kuwa aya, "Austin 3:16", na jibu lile likaishia kwenye fulana zisizohesabika. Somo ni kwamba jibu zuri hutoka kwenye kauli ya mwisho ya mpinzani. Aya yenyewe usiiige. Hapa kwetu hakuna mzaha wa kitabu kitakatifu utakaojaza uwanja, utajaza kituo cha polisi.

Kuna njia nyingine ambayo naiona ndiyo kilele cha kazi hii: kulifanya jeraha la mwanamieleka liwe la watazamaji. Mwaka 1985 Dusty Rhodes, mtoto wa fundi bomba, alikuwa ameumizwa kifundo cha mguu na Ric Flair, bingwa wa suti na saa za dhahabu. Aliporudi mbele ya kamera hakukaa sana kwenye mguu wake. Alizungumzia wafanyakazi wa viwanda vya nguo na vya magari waliofukuzwa kazi, watu wasiojua watawalisha nini watoto. Hizo, akasema, ndizo siku ngumu. Mtu aliyesikiliza akiwa hana kazi aliona Flair amemkanyaga yeye. Fundi naye, wiki ya tatu, alisema jambo moja tu la namna hiyo: kwamba Matondoni wanaunda vyombo, na wengine ndio wanaopanda wakapigwa picha. Hatukumwandikia. Sijui alilitoa wapi, ila baada ya hapo wazee waliokuwa wakituita wahuni wakaanza kuuliza pambano ni lini.

Upepo, punda na adhana

Hapa nitakuwa wa vitendo, maana ndipo tulipoharibu zaidi.

Rekodi yetu ya kwanza kabisa tuliifanya mwezi wa Julai, kwenye ukuta wa bahari, jahazi likipita nyuma. Picha ilipendeza mno. Sauti ilikuwa kusi tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na tena kaskazi likishakolea kuanzia Desemba, usirekodi maneno ukiwa wazi baharini. Ingia vichochoroni. Kuta za mawe na chokaa huukata upepo, lakini hurudisha mwangwi, kwa hiyo tundika blanketi au leso mbili tatu nyuma ya anayeshika kamera. Simu ya pili iweke mfuko wa shati wa msemaji ikirekodi sauti, kisha piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kofi hilo ndilo utakalolitumia kuoanisha picha na sauti wakati wa kuhariri. Maiki ya bei nafuu ya kubana kifuani ukiipata, ivishe kipande cha sponji.

Mwanga mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Mchana wa jua la utosi macho yote huwa mashimo. Kata picha kuanzia kifuani kwenda juu, mhoji aonekane nusu. Msemaji amtazame mhoji anaposimulia, aigeukie kamera pale tu anapotoa ahadi. Akiitazama kamera muda wote, ahadi yake haitakuwa na uzito.

Adhana ikianza, zima, kaa, subiri. Hilo halina mjadala, na ratiba yako ilijue mapema. Punda ni shauri lingine. Punda alipolia katikati ya majigambo ya Nahodha tulitaka kurudia, bahati nzuri mhariri wetu akakataa. Nahodha alinyamaza, akamtazama punda, akamwambia mhoji, "Huyo ndiye Fundi, mjibu." Hakuna kipande kilichosambaa kama hicho.

Jambo litendeke, lakini mara moja

Maneno matupu yana mwisho. Wiki ya tatu mtazamaji anahitaji kuona kitu. Mwaka 1984 Roddy Piper alimwalika Jimmy Snuka, mwenye asili ya Fiji, kwenye kipindi chake cha mahojiano, akampangia mezani mananasi, ndizi na nazi kwa kejeli, kisha akachukua nazi akampasua nayo kichwani. Sisi tuliozaliwa chini ya minazi tunajua nazi ni kitu gani, kwa hiyo naomba mnisikie vizuri: msijaribu. Nazi huvunja fuvu. Jifunzeni mpango, si silaha: kitu cha dharau kililetwa mezani kwanza, kikaonekana, watu wakakisahau, ndipo kikatumika.

Sisi tulitumia mkoba. Nahodha alikuja na mkoba wa ukindu, akauweka chini karibu na mhoji, hakuutaja. Mazungumzo yakaenda dakika nzima. Alipomaliza akausukuma kwa mguu mpaka mbele ya Fundi: "Anza kuzoea." Fundi akauokota, akaukunguta mchanga taratibu, akamtundikia Nahodha shingoni. Hakuna aliyepigwa. Nilitamani wagusane, lakini kocha wao alikataa, akasema wakigusana leo, mtauza nini Ijumaa ya mwisho? Alikuwa na haki.

Mipaka

Kaeni pamoja, wanamieleka wote wawili, mkubaliane lipi haliguswi. Yetu yalikuwa haya: mama na dada wa mtu, ukoo, kabila, dini, na mambo ya zamani ya nani mwungwana na nani mgeni. Kuna atakayekushauri uuze pambano kwa kuwagombanisha Mkomani na Langoni, mitaa miwili ya mji wetu. Utapata watu, ila hutaweza kuwarudisha nyumbani. Shela na Matondoni tulizitumia kwa sifa tu, kazi ya huyu na kazi ya yule, na bado nilikwenda kwa wazee wa pande zote mbili kuwaamkia na kuwaeleza kuwa ni mchezo.

Waeleze na wazazi. Mama mmoja alimpigia simu mhoji wetu usiku akimlaumu kwa kumwacha mwanawe atukanwe. Ilibidi twende kunywa chai kwake, adui na stelingi pamoja, ndipo akatulia. Ukitaka kufanya mahojiano ya papo kwa papo pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, muone chifu na watu wa kaunti mapema. Na ndani ya Ngome ni mahali pa Makumbusho, ruhusa yao ni ya peke yake. Mbele ya umati mhoji asimame kati ya wawili hao, asimame kweli kwa miguu yake, na watu wawili wazima wawe karibu. Mwenye kuzomea usimjibu zaidi ya mara moja.

Mahojiano ya mwisho

Siku mbili kabla ya pambano, punguza kila kitu. Hakuna kelele, hakuna nyongeza ya hadithi. Tulimkalisha Fundi kwenye karakana, chombo kisichokwisha nyuma yake, mhoji kwenye gogo.

Mhoji: Fundi, kaka, akikuomba radhi mtamalizana?
Fundi: Alipoondoka nilikuwa nimenyoosha mkono hivi. (anaunyoosha) Mpaka leo sijaushusha.
Mhoji: Ukishamshika?
Fundi alitikisa kichwa, akarudi kwenye randa yake.

Mhoji akataja siku, saa na kiingilio, basi.

Kilichobaki ni kulipa deni. Kila kilichotajwa kwenye mahojiano lazima kionekane ulingoni, la sivyo watu watajua uliwadanganya, na safari ijayo hawatasikiliza. Kaa na wanamieleka mkiwa na orodha ya ahadi: mkono, mkoba, nahodha kutoka wa kwanza. Sisi tuliipanga hivi: mwishoni Nahodha ameelemewa, anatambaa mpaka kwenye kona ileile, anageuka, ananyoosha mkono kuomba amani.

Fundi alikuwa bado hajafanya lolote. Alisimama tu akiutazama ule mkono. Lakini nyuma yangu, ukutani, watoto walikuwa wameshasimama, na mzee mmoja wa Matondoni ambaye hajawahi kutazama mieleka maishani mwake alikuwa akipiga kelele, "Shuka! Shuka nawe umwache!"